Wimbo wa Adela Umekataa Kuingia Kwenye Simu

Gaude, mtani wangu,

Nimeipata ile programu. Nimetaka hilo litangulie kabla hata ya salamu, maana salamu zenyewe sijui nizianze vipi kwa mtu aliyelala Kasense chini ya msalaba wa mbao ambayo yeye mwenyewe angeikataa. Mbao ina fundo katikati, Gaude. Fundi mwenzako aliichonga kwa moyo mweupe, nami nikaliona lile fundo nikanyamaza, kwa sababu wewe tu ndiye ungelisema na watu wakacheka.

Nimepata programu ya simu ya kuandikia kodi za gitaa. Si kodi za halmashauri, hizo hututafuta zenyewe. Nasema kodi zile za vidole, ulizokuwa unanipanga nazo mkono kama mtoto anayefundishwa kushika kijiko. Programu inazipanga kwenye mstari, inakubali maneno ya wimbo chini yake, inakuchorea vidole vinakaa wapi, na ukiibonyeza inakupigia ulichoandika. Kila ulichokuwa unakitaka kimo, nami nimeipata wewe haupo. Hilo linaniuma, na nisipokuambia wewe sijui nimwambie nani. Hapa Milanzi nikianza habari za gitaa watu wananiuliza kama umeme umerudi wasage mahindi yao.

Na mwanao Adela ameondoka. Sendofu yake ilikuwa Jumamosi iliyopita, na wimbo wako umepigwa. Nimeupiga mimi. Nataka nikueleze ulivyopigwa, kwa sababu nusura niuharibu, huku nikijisifu moyoni kwamba nauokoa.

Kwanza habari za huku. Karakana yako pale Majengo amepanga mtu anayeuza vitanda vya chuma. Vya chuma, Gaude. Nikipita hapo naangalia upande wa pili wa barabara, kama nimedaiwa. Mama Adela bado anauza maharage na dagaa wa ziwani, amepungua mwili lakini sauti ni ile ile, akikuita jina unageuka hata kama hukukosea kitu. Mama yako yuko Kasense. Macho yamezidi kufifia, ila masikio, loo, masikio yapo na utaona jinsi yalivyonifanya. Upepo wa mwezi huu unajua mwenyewe ulivyo, unaingia mpaka kwenye mifupa, watu wanatembea na masweta mawili mawili. Mimi na mashine yangu tupo. Benchi ulilonitengenezea limebaki pale nje ya mlango, wateja wanalikalia wakisubiri unga wao. Mtu akikaa upande wako nasikia kama nimwambie asogee, halafu najizuia, kwani atanielewaje?

Unakumbuka wimbo wenyewe ulivyoanza? Ni siku wale wageni wa Kirando walipoleta barua ya posa. Ulikuja kwangu jioni, nimeshazima mashine, nywele zangu nyeupe kwa unga, ukasema, "Shija, nimepata ukoo wa wavuvi. Sasa nitakula migebuka mpaka nisahau ng'ombe zenu." Ukacheka. Kisha ukakaa, ukaifunga ile penseli yako kwenye shingo ya gitaa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli ili sauti ipande, ukaanza kutafuta. G, halafu E maina, halafu C unayoichelewesha kidogo, kama mtu anayefika mlangoni akasita kubisha hodi. Hukusema ni wimbo wa nani. Mimi nilijua, kwa sababu hukunitania tena jioni nzima.

Tangu siku ile ukawa unaupika kidogo kidogo. Mimi napiga ridhimu kwa gitaa langu la mkopo, wewe unatembea juu. Nikikuambia turekodi kwenye simu yangu unakataa. "Haujaiva, Msukuma. Ukirekodi mbichi utakaa mbichi." Lakini kuandika ulitaka. Ulisema sauti za kwaya zina nota zake, waimbaji wanazo do re mi zao kwenye makaratasi, ila gitaa halina pa kukaa. Gitaa linakaa mikononi mwa mtu, na mtu ni mtu. Ukaninyooshea kidole: "Wewe mwenye simu kubwa, tafuta humo. Lazima kuna mtu ametengeneza kitu cha wapiga gitaa." Wewe na kisimu chako cha kitochi.

Tulitafuta pamoja mara moja tu. Tulipakua programu moja, ikafika nusu, bando likakata. Tukasema tutaendelea kesho. Kesho kukawa na mteja wa kabati, kesho nyingine mashine ikafa mkanda, kisha kifua chako kikaanza, na baada ya hapo hakuna aliyetaja programu tena. Nalifikiria sana bando lile. Si kwamba lingekuponya. Lakini ungeuona wimbo wako umekaa kwenye mstari, ungeusoma kwa macho yako, ungeniambia hapa siyo, hapa ongeza. Ungekuwa umenieleza kila kitu, nami nisingehangaika kama nilivyohangaika.

Msibani niliwaangusha watani wote. Watu walinitazama mimi, wakijua Msukuma wa Gaude atafanya vituko, atalala mlangoni kuzuia jeneza mpaka apewe kitu, ataiga unavyokaza nyuzi huku ulimi umetoka pembeni. Nililichukua gitaa lako nikuige. Nikalishika tu. Mama mmoja wa kwenu akasema kwa sauti, "Mtani gani huyu analia kuliko wenye msiba?" Watu wakacheka kidogo, na hicho ndicho kichekesho pekee nilichokupa. Nisamehe, nilijaribu.

Tulipomaliza arobaini, Mama Adela alinifuata mashineni. Hakukaa. Akasema, "Shemeji, wimbo wa mtoto unao?" Nikamjibu ninao. Adela naye, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akasema, "Baba alinikataza kutoka nyumbani bila huo wimbo, baba mdogo. Kwa hiyo nakutegemea wewe." Nikasema tena ninao, kwa sauti kubwa zaidi, na hapo hapo nikaanza kuogopa.

Kwa sababu kweli nilikuwa nao, lakini kwenye vidole, na vidole vyangu unavijua. Vimejifunza ukubwani. Siku tatu nisipopiga vinasahau. Nilikuwa naamka asubuhi nakuta sehemu ya pili imeteleza, C imekaa mahali pa D, nakaa nayo mpaka inarudi, halafu kesho yake imeteleza tena. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa na wimbo ule. Nikiupoteza mimi, Adela atatoka nyumbani kwa muziki wa spika kama watoto wa watu wengine, na neno lako kwake litakuwa limekufa pamoja nawe. Ndipo nikaitafuta ile programu kwa dhati.

Ungekuwepo ungecheka mbavu ziume. Ya kwanza ilikuwa inaniwekea matangazo ya kubeti kila nikiandika kodi mbili. Naandika G, naandika E maina, inanitokea picha ya mpira na kunihimiza niweke mkeka. Ya pili ilikuwa safi, imetulia, nikaandika ubeti mzima, nilipobonyeza kuhifadhi ikataka kadi ya benki. Nikafuta kwa hasira. Ya tatu ndiyo ile inayojifanya mwalimu: ukiandika kodi moja, inakupendekezea inayofuata. Mwanzo niliipenda. Halafu nikaona kila pale ambapo wewe unakwenda kushoto, yenyewe inanishauri kulia. Kodi zake zote zilikuwa nzuri, tena laini. Nikasikiliza wimbo ilionitungia, ni wimbo wa mtu ambaye hajawahi kuoza mtoto.

Kuna nyingine haiandiki, inasikiliza. Unapiga gitaa, yenyewe inakuambia hiyo ni kodi gani. Niliifungua mashine ikiwa inasaga, ikaandika B bapa, ikaandika tena B bapa, ikaendelea hivyo hivyo mpaka mahindi ya mteja yakaisha. Gaude, mashine yangu inasaga kwa B bapa! Miaka yote ile tumekaa pembeni yake hatukujua. Nilicheka peke yangu, nikageuka kwenye benchi kukuambia, mdomo umeshafunguka. Alikuwa amekaa mama mmoja na ndoo yake. Nikamwambia unga wake utakuwa tayari sasa hivi.

Baadaye nikapata iliyonifaa, au niliyodhani imenifaa. Ina vijumba, kila kijumba kina mapigo manne, unaweka kodi ndani. Nikaanza kuhamisha wimbo kijumba kwa kijumba. Penseli yako ilinisumbua kwanza, maana vidole vilikuwa vinashika G lakini sauti inayotoka ni A, na sikujua niandike ninachokishika au ninachokisikia. Nikaandika unachokishika. Nikajiambia Gaude angeandika vidole, masikio yatajitegemea yenyewe.

Sasa fika mwisho wa mstari wa pili, pale kabla ya kurudi mwanzo. Unajua ninaposema. Pale ulikuwa unaacha. Unanyanyua mikono yote miwili kwenye nyuzi, kwa pigo moja, unatazama mbele, kisha unarudi kwenye G. Mimi pale nilikuwa naishiwa maarifa kila mara, nakutangulia, unanitazama kwa jicho baya. Na miezi ile ya mwisho ulipokuwa unaacha pale, ulikuwa unakohoa.

Kijumba kina mapigo manne. Lile pigo lako lilikuwa la tano. Programu ikakataa. Nikiliongeza, kila kitu kilichofuata kinasogea, G inaangukia mahali pa kipumbavu, na nikibonyeza isikike, inasikika kama mlevi anashuka ngazi. Nikajaribu kuacha kijumba kizima kitupu, ikawa kimya kirefu mno. Nikaweka gitaa chini nikafikiri. Nikasema, hili si la wimbo. Hili ni la kifua. Gaude alikuwa anatafuta pumzi pale, maskini, na sisi tumezoea kusikia hivyo tukadhani ndivyo. Je, nimwandikie mtoto wake kikohozi cha baba yake kwenye wimbo wa sendofu? Nikalifuta. Nililifuta kwa huruma, Gaude. Nilijiona nimekutendea jambo jema, nimekupa pumzi uliyokuwa huna.

Bila lile pigo wimbo ukakaa. Vijumba vikalingana, kodi zikafuatana vizuri, simu ikapiga mwanzo mpaka mwisho bila kujikwaa. Nikawapa vijana wa kwaya wakajifunza kwa kuusikiliza kwenye simu. Wakasema wimbo ni mtamu. Mama Adela akausikia mazoezini akafuta machozi kwa kanga, akasema ndio wenyewe. Nikatembea na kifua mbele wiki nzima.

Kisha nikasema si vizuri wimbo upigwe kabla mama yako hajausikia. Nikapanda pikipiki kwenda Kasense, gitaa lako mgongoni. Nilimkuta ameketi juani anachambua maharage kwa vidole, nikampa shikamoo, akaniitikia na kuniuliza ng'ombe wangu hawajambo, kama kawaida yake, ingawa anajua mimi sina hata ndama. Nikafunga penseli. Nikapiga wimbo wote, tena siku hiyo nilipiga vizuri kuliko nilivyowahi kupiga.

Alisikiliza mikono yake imetulia kwenye ungo. Nilipomaliza akainamia ungo. Nikadhani analia. Kumbe anafikiri. Akasema, "Sasa mtoto ataaga saa ngapi?"

Sikumwelewa. Akaniambia nirudie mstari wa pili. Nikarudia. Nilipofika pale nikapita moja kwa moja kwenda G, yeye akanyoosha mkono kama anayezuia kuku. "Hapo. Umeijaza nafasi ya mjukuu wangu." Akanieleza taratibu, kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kifipa, kwamba ulikwenda kumpigia wimbo ule mahali pale pale, kabla kifua hakijaanza, na ulimwambia ule ukimya ni wa nini. Kwenu binti akitoka nyumbani anapiga magoti mbele ya baba yake, anapiga makofi polepole, anaaga. Wewe ulimwachia pigo lake ndani ya wimbo. "Gaude hakuwa anakohoa siku ile," akasema. "Alikuwa mzima."

Alikuwa mzima. Sijui kama unaelewa neno lile lilivyonipiga. Nimekaa Ufipa tangu baba yangu aliposhusha ng'ombe zake bondeni, nimesalimiwa na dada zako kwa magoti na makofi tangu sijaota ndevu, na kila mara nimejibu "poa, hamjambo" huku nikiendelea na safari yangu. Nimekaa na wewe kwenye benchi lile jioni ngapi, ukinyanyua mikono mbele ya macho yangu, na sikuwahi kukuuliza hata mara moja, "Gaude, hapo unasubiri nini?" Ningekuuliza ungeniambia. Ungenitukana kwanza, kisha ungeniambia. Badala yake nimesubiri ufe, nikakuonea huruma, nikakata sehemu ya wimbo ambayo ndiyo wimbo wenyewe.

Mama yako aliona nimenyong'onyea, akanitania ili nisimame. Akasema ninyi watu wa ng'ombe mnasalimiana kwa fimbo, usijilaumu. Nikacheka kwa adabu. Nilipofika kwenye pikipiki nilishindwa kuiwasha kwa muda, nikasingizia mafuta.

Nikarudi kwenye simu. Kulirudisha pigo lile ilikuwa kazi kuliko kulifuta, maana ile programu yangu ya vijumba haikutaka kusikia. Niliibembeleza, nikaifokea, mke wangu akaniuliza nagombana na nani. Ndipo nikaanza kutafuta upya, na ndipo nikaipata hii ninayokuambia. Hii kila kijumba unakipa mapigo unayotaka wewe. Kimoja manne, kinachofuata matano, haikuulizi sababu. Nilikaa nimeitazama tu. Mtu fulani huko aliko, ambaye hajui Sumbawanga iko wapi, alifikiria kwamba kuna watu nyimbo zao haziendi sawasawa, akawatengenezea nafasi. Ungempenda mtu yule. Nikaandika kijumba cha mapigo matano, pigo la mwisho tupu, na chini yake, pale pa maneno ya wimbo, nikaandika "Adela". Vijana wa kwaya nikawafundisha upya, wao wanashikilia sauti, gitaa linanyamaza. Walinung'unika kidogo. Wakazoea.

Sasa Jumamosi. Turubai lilifungwa pale pale uwanjani kwenu Milanzi, upepo unalipigapiga, wamama wamejifunga vitenge juu ya masweta. Wa Kirando walikuja na samaki kweli, mtani wangu, samaki wa kutosha, nikakukumbuka. Mdogo wako Silvanusi alikalishwa kwenye kiti cha baba, amevaa koti, hajazoea koti. Mimi nilikuwa pembeni ya kwaya na gitaa lako, simu nimeiegesha kwenye stuli mbele yangu, programu imefunguliwa, mstari wake mwekundu unatembea juu ya vijumba kunionyesha nilipo. Sikuwa naamini vidole vyangu.

Adela akatoka ndani na mama yake. Tukaanza. Mstari wa kwanza ukapita, wa pili ukaingia, vidole vinashika. Nikafika pale. Nikanyanyua mikono yote miwili kwenye nyuzi, kama ulivyokuwa unafanya.

Watu wote tulitegemea atakwenda kwa Silvanusi. Hata Silvanusi mwenyewe alikuwa ameshajiweka sawa. Adela hakwenda. Aligeukia upande wangu, akapiga magoti mbele ya gitaa lako, akainamisha kichwa, akapiga makofi. Polepole, viganja vimepinda, sauti ndogo. Alikuwa anakuaga wewe.

Na hakuna aliyeitikia. Silvanusi hakuweza, hakuwa yeye aliyesalimiwa. Mama Adela amejiziba mdomo kwa kanga. Kwaya inashikilia sauti, wanatazamana. Mimi mikono yangu iko hewani, mitupu, haina kitu cha kufanya. Ndipo nikaelewa, Gaude, na nimechelewa kama nilivyochelewa kwenye kila kitu. Ukimya ule haukuwa wa Adela peke yake. Angeweza kupiga makofi muziki ukiendelea, nani angemzuia? Gitaa ndilo lililotakiwa kunyamaza. Ulijua siku hiyo utakuwa unapiga wewe, mikono yako yote itakuwa kwenye nyuzi, na baba hawezi kumwitikia mwanawe akiwa ameshika nyuzi. Ulijitungia pigo moja la kumjibu. Jioni zile zote ulipokuwa unanyanyua mikono na kutazama mbele, ulikuwa unafanya mazoezi ya kumuaga mtoto wako.

Nikaitikia mimi. Sina ukoo, sina kabila la kufanya hivyo, mtani tu mwenye unga kwenye kola. Nikapiga makofi. Nilipiga vibaya, kwa nguvu, viganja vimenyooka, kama mtu anayefukuza nyani shambani. Watani wangu wa Kifipa walikuwepo wamejaa tele pale chini ya turubai, na nilitegemea wacheke, kwani ni haki yao. Hakuna aliyecheka. Adela alibaki kwenye magoti, mabega yanamtikisika, na pigo lilikuwa limeshapita zamani. Kwenye stuli mstari mwekundu ulikuwa umeshaendelea bila sisi, uko mbali kwenye vijumba vya ubeti wa pili. Nikauacha uende. Nikasubiri. Aliponyanyuka ndipo nikarudi kwenye G, na kwaya ikanifuata.

Wimbo wako umeiva, Gaude. Nasema hivyo kwa kuwa sasa najua. Lakini sikufurahi, sitakudanganya. Makofi yale yalikuwa yako. Ulikuwa umeyatunza jioni zote zile, umeyachongea nafasi yake kama unavyochonga kiungo cha kiti, na yamekuja kupigwa na mtu asiyejua kuyapiga. Adela amekwenda kwa wavuvi wake na majibu ya Msukuma masikioni. Baada ya chakula mama yako aliniita, akanishika viganja akavikunja taratibu, akasema, "Unaitikia hivi. Siyo vile." Kisha akaomba apewe chai.

Kabla gari halijaondoka Adela aliniomba nimtumie wimbo kwenye simu yake. Nimemtumia. Ameniandikia kutoka Kirando kwamba umefika na ameusikiliza, ila simu haisubiri vizuri. Nimemjibu kwamba ndivyo simu zilivyo.

Basi nakuacha upumzike. Mashine inaniita, kuna foleni ya watu mlangoni. Sitakuomba unisamehe, ungenitania mpaka nijute kuomba. Nakuahidi hili moja tu, na unishike hapo. Kila Jumapili nikitoka kanisani nitakwenda Kasense kwa mama yako, nikae naye juani, anifundishe kuitikia. Sijui nitachukua muda gani, mikono yangu ni migumu. Lakini Adela atakuja kututembelea, pengine na mtoto mgongoni, na ataingia uwanjani atapiga magoti. Siku hiyo hakutakuwa na wimbo. Gitaa nitakuwa nimeliacha ndani, simu nimeizima, na mwanao akipiga makofi, Gaude, atajibiwa kama alivyotakiwa kujibiwa.

Lala salama.

Mtani wako,
Shija wa mashine